Jina Bila Mbeleko

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu hizi zikiwa bado na joto la mkono, maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya studio, mtoto amelala mapajani na karatasi nimeilaza juu ya kifuniko cha boksi. Huku tu wazima kwa kadiri ya uzima wetu. Baba Kifaranga bado anapiga plasta, mikono imekauka kama gome la mti, ila hajambo. Kifaranga mwenyewe ameota jino la nne na amejifunza kuuma. Kila akining'ata nakukumbuka wewe, na sababu unaijua. Je, wewe hali yako? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Shemeji anaendeleaje? Na mwanetu, yule aliyeandika jina lake pembeni ya barua yako kwa herufi zinazoyumba, mwambie mama yake mdogo ameziona zote na amezibusu moja moja.

Barua yako imenifika Jumatatu. Umesema mwisho wa mwezi unakuja, wewe na mwanetu, na kwamba huji kwa jambo jingine ila kukaa mbele ya ile kompyuta ya studio uisikie sauti ya Mama kwa masikio yako. Umesema ruhusa kazini umeshaomba. Nimeisoma mara nne. Dada, kabla hujafunga begi, nakuomba uisome hii mpaka chini kwenye jina langu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningekusikia ukinyamaza, na mimi mtu akininyamazia huanza kusema lolote linalokuja mdomoni. Mbele utaona nilivyowahi kusema lolote.

Nianzie mbali kidogo unielewe. Unajua Mama aliishi kwangu miezi yake ya mwisho, kwenye kile chumba cha mbele. Unajua pia kwamba tangu ulipoondoka na cherehani yake bila kumuaga, miaka minne, jina lako halikutoka kinywani mwake. Alikuwa akisema "huyo dada yako". Huyo dada yako ameandika? Huyo dada yako amejifungua? Sindano na vifungo vyake alivibakiza kwenye kopo, na kila akilitikisa tulijua anakuwaza, ila hakuna aliyethubutu kuuliza anawaza nini.

Basi wiki mbili kabla hajatutoka aliniita asubuhi, akaniomba simu. Akaniambia nibonyeze pale pa kurekodi, nimwekee kifuani, nitoke na nifunge mlango. Akanionya kwamba maneno yale ni yako peke yako, nisije nikayasikiliza, kwa maana tangu utotoni masikio yangu yana miguu. Nikatoka nikafua nepi uani. Alipomaliza aligonga kopo la vifungo ukutani, nikaingia. Ilikuwa dakika kumi na moja na nusu. Alikuwa amechoka kama mtu aliyepanda mlima. Akasema nikupe wewe mkononi.

Sikuisikiliza, Dada. Weka neno hilo akilini, maana ndilo kaa la moto katika barua hii.

Simu yangu ilikuwa ndogo, haina nafasi, kila siku inalalamika imejaa. Nikaenda nayo studio, nikamwomba Mzee Bado anitunzie kwenye kompyuta ya kazi. Huyu ndiye mwenye studio, tunamwita hivyo kwa sababu mteja akija kuuliza picha zake, hata kama amezipiga mwaka jana, jibu lake ni bado kidogo. Ni mtu mwema. Alinichukua nifagie na nikate picha za vitambulisho, na siku mwenye kupokea wateja alipoolewa akaniweka mezani. Akaniruhusu kutengeneza folda yangu. Nikaipa jina Mama, basi, neno moja. Ndani nikaweka picha sita na ile sauti. Siku chache baadaye simu ikateleza kutoka mfukoni ikazama kwenye ndoo ya kufulia, ikafa na vyote vilivyokuwamo, laini nikaihamishia kwenye simu ya baba Kifaranga. Nikajifariji kwamba nimeshaweka akiba. Huyo ndiye mimi, kila mara naona mbele kuna mwanga.

Mama akafariki. Wewe ukapata habari tumeshazika. Na siku ileile uliyonipigia ukilia, ukiuliza kama aliacha neno, nilikwambia lipo, lipo salama, nitakutumia. Nilisema kweli. Ningeulaza uongo wote niliosema baadaye pembeni ya kweli ile, bado isingeufunika.

Nilipokwenda studio niitoe, kompyuta ikakataa kuamka. Zile picha ndogondogo za kubofya hazikutokea. Ikaonyesha skrini nyeusi tu, maandishi meupe, na kimstari kinachopepesa kama jicho la mtu anayesinzia. Mzee Bado akaita fundi. Fundi huyu haongei. Ukimsalimia anaitikia kwa nyusi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bubu, naye anaitikia. Siku hiyo lakini aliongea. Alisema mashine imeshiba mpaka shingoni, haina hata pa kuvutia pumzi, ndiyo maana haiwezi kuvaa sura yake ya kawaida. Vitu vyote vimo, havijaharibika. Ila itabidi mtu aingie kwa kuandika amri, neno kwa neno, afute ya zamani mpaka ipate nafasi, ndipo itaamka yenyewe. Mzee Bado macho yake hayaoni kibodi na vidole vyake vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Wote wawili wakanitazama mimi.

Bubu akaniandikia amri nne nyuma ya bahasha ya picha. Moja ya kuuliza humu kuna nini. Moja ya kuingia ndani ya folda. Moja ya kunakili. Na ya nne, r na m, ambayo aliipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, ya kufuta. Akasema hiyo haina toba.

Kisha akanieleza jambo la nafasi. Mzee Bado, Dada, folda zake alizipa majina kama anavyoongea: Harusi ya binti wa seremala. Pasipoti za mwaka juzi. Nyingine Mpya, nyingine Mpya kabisa, nyingine Mpya ya mwisho, na moja Usifute hii, ambayo mwenyewe hakumbuki ina nini na anaiogopa. Sasa mashine ile, ukiiandikia jina lenye nafasi katikati, haijui kwamba ni jina moja. Ikifika penye nafasi inadhani umemaliza, na kila neno inalichukua kama kitu chake peke yake. Ukitaka kuingia Harusi ya binti wa seremala itakwambia hakuna kitu kinachoitwa Harusi. Dawa yake ni kulifunga jina zima kwa zile alama mbili zinazoning'inia juu ya mstari, moja mbele, moja nyuma. Nilipomsikia nikacheka, nikamwambia kumbe ni mbeleko. Jina linabebwa mgongoni, usipolifunga vizuri linadondoka vipandevipande. Bubu akainua nyusi zote mbili, na Mzee Bado akasema tangu amfahamu hajawahi kumwona akicheka kwa nguvu vile.

Sikufichi, nilifurahi siku zile. Mimi niliyeishia shule ya msingi, niliyekuwa nikiitwa ubaoni nikapauka, nilikuwa natembea gizani mle kama nyumbani kwangu. Nilijua kuingia, nilijua kurudi nyuma kwa nukta mbili, nilijua kufunga mbeleko hata kwenye majina ya maneno saba. Mzee Bado aliwaita wateja waje wanione. Baba Kifaranga nikimsimulia jioni alisema sasa tumekwisha, mke amekuwa injinia na nyumba haina hata meza. Niliiona folda ya Mama kila siku kwenye orodha, kati ya ile ya Magari na nyingine iliyoitwa Mama na Mwana. Nilikuwa naigusa kwa kidole kwenye kioo. Nikakwambia kwenye simu uvumilie, mashine inaumwa, ikipona tu nakutumia. Bubu alikuwa ameniambia ninunue flashi nikaitoe palepale, inawezekana. Nikasema kesho. Kesho ikawa kesho.

Hiyo Mama na Mwana ilikuwa folda ya Mzee Bado, picha za kina mama na watoto wachanga alizopiga kwa ajili ya kalenda ya duka moja la maziwa, kalenda ambayo haikutoka. Ilikuwa nzito. Tarehe haina maana, ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mzee Bado alikuwa na daftari lake la herufi kubwakubwa, ananisomea majina ya kufuta, mimi naandika. Tulikuwa tumeshafuta saba, zote nimezifunga vizuri. Kifaranga alikuwa mgongoni, analia, meno yanamsumbua. Mzee akasema, inayofuata Mama na Mwana, hiyo futa bila huruma. Nikaanza kuandika, na mbeleko ikalegea, mtoto akaanza kuteleza upande wa kushoto. Nikamdaka, nikainama, nikafunga upya, nikakaza fundo kifuani. Kisha nikamalizia kuandika na kubonyeza.

Nilimfunga mtoto, Dada. Jina sikulifunga.

Mashine ikanijibu mistari miwili ya Kiingereza. Kiingereza sijui, ila niliona mstari wa kwanza una neno na, wa pili una neno Mwana, nikaelewa inasema havipo. Nikasema moyoni, aa, nimesahau mbeleko, imekataa. Nikaandika tena, safari hii nimefunga mbele na nyuma, ikafuta kimya. Tukaendelea na inayofuata.

Kumbe haikukataa yote. Ilikuwa imechukua maneno matatu kama vitu vitatu. Kitu kiitwacho na haikukipata, ikasema. Mwana haikukipata, ikasema. Mama ilikipata. Mashine ile hulalamikia lililoishinda, ililoliweza hulinyamazia. Nimeuwaza sana mstari ule wa tatu ambao haukuwepo.

Saa nane mchana ikaamka. Sura yake yote ikarudi, rangi na kila kitu. Mzee Bado akaagiza soda, Bubu akapigwa mgongoni, mimi nikaitwa injinia mbele ya watu. Nikabofya nilete sauti yako. Baada ya Magari ikafuata Maua. Nikarudi nyuma nikaangalia tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uleule mara kumi. Kisha nikashika soda yangu, nikacheka pale walipocheka.

Sasa sikiliza sehemu yangu, maana kosa lile wewe unaweza kulisamehe. Hata mimi kuna siku karibu nijisamehe. Nilinyamaza. Bubu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na sikusema. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa lile jina la injinia lisivuliwe hadharani, na nilikuogopa wewe. Wiki ile ukanipigia, ukauliza kama mashine imepona. Nikasema imepona. Ukauliza kama nimeisikiliza. Ukanyamaza ukisubiri. Nikasema ndiyo. Ukauliza amesema nini.

Dada, ile sentensi ni yangu. Niliyokwambia kwamba Mama amesema cherehani ilikuwa yako tangu siku ulipozaliwa, na kwamba mikono yako ndiyo mikono yake. Niliitunga nimesimama mlangoni, nimeshika ufagio, kwa muda wa kumeza mate. Hata sikufikiri kama ingesikika kama sauti ya Mama. Mama hakuwa akiongea hivyo, na nilishangaa ulivyoamini. Nikasema sauti yenyewe ni kubwa mno kutuma, utaisikia siku ukija, nikiamini hutakuja karibuni. Kisha ukaniandikia kwamba umeidarizi sentensi ile kwenye kitambaa kwa uzi mwekundu, umeitundika juu ya cherehani, na kwamba tangu siku ile unalala. Niliposoma hapo nilikaa chini sakafuni. Tangu siku ile wewe unalala, mimi silali.

Ulipoandika unakuja, Jumanne nilimfuata Bubu kwenye kibanda chake nikamwambia yote, mara ya kwanza kumwambia mtu. Hakunigombeza. Aliniuliza ni lini. Nikamwambia miezi saba. Akaja studio, akamwambia Mzee Bado anaisafisha mashine tu, akakaa nayo kutwa nzima, akaichokonoa kwa vyombo vyake, mimi nimesimama nyuma nikiombea kila herufi inayopita. Jioni alinieleza kwa upole kuliko ninavyostahili. Alisema kitu kikifutwa mle hakiondoki palepale, hulala kama alama ya mguu mchangani, na siku ileile angeweza kuiokota yote au sehemu. Lakini miezi saba watu wamepita juu. Harusi, vitambulisho, sherehe za watoto, zote nilizozipanga mle kwa mikono yangu nikisifiwa, zimekalia mahali pale. Aliniokotea kipande kimoja cha picha, kona ya shuka ya Mama na vidole viwili. Nimekifunga ndani ya barua hii. Sauti hakuna.

Nilimwambia baba Kifaranga. Akasema nisikwambie, nitafute maradhi mengine ya mashine, nikuache na kitambaa chako, kwani maiti hasemi na aliye hai anahitaji usingizi. Si mtu mbaya, anakupenda. Siku nzima nilikubaliana naye. Lakini utakuja na mwanetu, utakaa kwenye kile kiti, utanitazama. Na zaidi ya hapo, mradi sentensi yangu imetundikwa ukutani kwako, Mama anasema maneno ambayo hakuyasema, na yale aliyoyasema, dakika zile kumi na moja na nusu alizozitoa kifua kikimuuma, hayana hata mtu wa kuyalilia. Ameyasema, mimi nikayafuta, kisha nikaweka ya kwangu mahali pake. Nimemzika mara mbili.

Jambo moja ninalo ambalo ni kweli, na nimeliweka mwisho kwa sababu sijui ni zawadi au ni mwiba. Nilipokuwa nafunga mlango asubuhi ile, kabla komeo halijakaa, nilisikia neno lake la kwanza. Aliita, Siafu. Hakusema huyo dada yako. Alisema Siafu, jina alilokupa ulipomng'ata ukiwa na jino la nne, jina ambalo miaka minne halikusikika kwetu. Kisha komeo likaingia, nikaenda kwenye nepi zangu.

Ningependa kukwambia aliliita kwa upole. Nimelisikiliza kichwani mpaka limechakaa. Lakini unakumbuka kama ninavyokumbuka, Mama alikuita Siafu akitaka kukupa ukoko wa sufuria, na alikuita Siafu kwa sauti ileile fimbo ikiwa nyuma ya mgongo, nawe ulikuwa unakuja mara zote mbili bila kujua ni kipi. Sijui ilikuwa ipi, Dada. Hakuna atakayejua. Sitakutungia tena.

Kama hutakuja, nitaelewa. Kama hutaniandikia, nitaelewa hilo pia, ingawa nitaendelea kumuuliza mleta barua, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Kama utakuja, kopo la vifungo lipo juu ya kabati, sijalifungua. Kile kitambaa fanya utakavyo. Uzi mwekundu haufumuki kirahisi, najua, Mama alitufundisha sote wawili, ila mimi sikukaa kitako nikajifunza.

Mtoto ameamka na anavuta karatasi, mkunjo huu ni wake. Nisalimie shemeji. Mbusu mwanetu kwenye kila kidole, kumi vyote, uhesabu. Mzee Bado anakusalimu, hajui lolote, anakusubiri kwa hamu akupige picha na anasema hata kuzisafisha hatachelewa. Bubu naye nilipomwambia nakuandikia aliinua nyusi, nimeichukua kuwa salamu.

Nami niliye mdogo wako, kama bado utaniita hivyo,

Mama Kifaranga